Somo: Kutengeneza Kigoda cha Karakana kwa Mbao na Bomba la Chuma

Ndugu wanachama, kigoda ninachokieleza ndicho ninachokalia hapa Tabora ninapopiga msasa na kunoa patasi. Kimo chake ni sentimita 65, kwa kuwa meza yangu ya kazi ina sentimita 90. Ambaye meza yake ni fupi zaidi apunguze miguu ili nafasi ya sentimita 25 ibaki.

Tafuta vipande viwili vya mbao ya inchi 2 kwa 8 vyenye urefu wa sentimita 40, bamba la chuma la milimita 3 lililokatwa duara la sentimita 28, na nusu ya bomba jeusi (la chuma lisilopakwa zinki) la inchi 1, ambalo zima lina meta 6. Mbao ninayoipendekeza kwa moyo wote ni mninga, kwa sababu ikikauka husinyaa kidogo sana. Vumbi lake huwasha pua, basi jifunike.

Hatua ya 1: Kikalio. Piga randa kingo mbili zitakazokutana mpaka ukiziunganisha na kuzielekeza kwenye jua usione mwanga katikati, kisha zipake gundi na uzibane usiku kucha. Kesho yake chora duara la sentimita 34, ulikate na kulilainisha.

Hatua ya 2: Bamba. Hapa naomba msiharakishe. Mbao hutanuka wakati wa masika na kusinyaa kiangazi, na mwendo huo huvuka nyuzi za mbao kwa upana, haufuati urefu wake. Chuma chini yake hakisogei hivyo. Kigoda changu cha kwanza nilikikaza kwa skrubu katika matundu ya duara mwezi wa Februari, na ilipofika Oktoba kilikuwa na ufa ambao kucha ya kidole gumba iliingia. Tangu hapo hutoboa tundu moja la duara katikati, na mengine manne ya pembeni huyarefusha kwa tupa hadi milimita 12, yakielekea upande unaovuka nyuzi. Miguu ikishachomelewa, skrubu huvalishwa washa (kiduara cha chuma chenye tundu) na kukazwa mpaka washa iguse bamba, basi.

Hatua ya 3: Miguu. Kata miguu mitatu ya sentimita 63, ncha zote zikiwa na mshazari wa digrii 15, na mishazari miwili ya kila mguu iende sambamba. Ipange sentimita 11 kutoka kitovu cha bamba na uishikize kwa nukta moja moja ya kuchomelea. Simamisha, pima, rekebisha, ndipo uchomelee kikamilifu ukihama mguu hadi mguu, kwa maana joto huvuta chuma. Mapau ya kuwekea nyayo hukaa sentimita 20 kutoka chini, na urefu wake upimwe papo hapo.

Maswali ya wanachama

Urambo: Shikamoo fundi. Kwa nini miguu mitatu, si minne?

Jibu: Marahaba. Miguu mitatu hugusa chini yote hata sakafu ikiwa ya udongo yenye mabonde, ilhali wa nne hubaki ukining'inia. Hasara yake ni kwamba ukiegemea katikati ya miguu miwili kigoda huweza kupinduka, ndiyo maana nimeitanua digrii 15, usiipunguze.

Kasulu: Nina mabaki ya bomba la maji lililopakwa zinki. Linafaa?

Jibu: Lina nguvu ya kutosha, lakini moshi wa zinki huleta homa na kutetemeka saa chache baada ya kazi. Saga zinki yote iishe mahali pa kuchomelea, na ufanyie kazi nje penye upepo. Mimi silinunui kwa kazi hii.

Nzega: Sina mashine ya kuchomelea. Nimpelekee fundi nini?

Jibu: Mpelekee bamba lililokwisha kutobolewa na miguu iliyokatwa, pamoja na kibao chembamba ulichokikata kwa pembe hiyo ya digrii 15, akiegemeze kwenye kila mguu kabla ya kushikiza. Kikalio kiache nyumbani, kwa kuwa cheche huacha madoa meusi ambayo msasa hauyafikii.