Kumtazama chozi: anza na mnazi wa uani, Pemba baadaye

Watu huniuliza sana chozi wa Pemba atapatikana vipi, yule kindege ambaye duniani kote yuko Pemba na visiwa vidogo vya kando yake tu. Jawabu langu ni lile lile, mjue kwanza chozi wa hapa Mombasa, manake ukikurupuka utalipa nauli urudi na picha za majani, mimi yalinikuta.

Hatua ya 1: tafuta ua, wachana na ndege. Chozi ana gramu 7 hivi na hatulii, ukimfukuza na kamera mti kwa mti utakayechoka ni wewe. Lakini ua lenye mbochi, yale maji matamu ya ua, akishalijua atalirudia tu. Angalia mnazi ambao karara limepasuka upunga umetoka, hiyo kwake ni hoteli, tena ua la mgomba, shubiri, hata mpapai dume. Tafuta kivuli uketi.

Hatua ya 2: saa 12 na nusu asubuhi mpaka saa 3. Jua likishawaka hata wewe hutaki kuwa nje.

Hatua ya 3: tazama anavyokula. Mdomo umepinda, ulimi kama mrija, na mara nyingi hujishika kwenye kikonyo akainama, si kama wale ndege wadogo wa Marekani wanaoning'inia hewani. Ukiona paji la uso la njano ngoja kwanza usiandike kitu, hiyo yaweza kuwa chavua, ule unga wa ua, anaipeleka ua jengine bila kujua. Ua likiwa refu kumshinda hulitoboa kitakoni akanywa akaenda zake, wizi mtupu lol. Na huyu wetu mwenye utepe wa zambarau kifuani, dume humeta kijani, ila msimu wa kuzaa ukiisha huvua zile nguo za harusi akafifia kama jike, wageni wengi hudhani wamepata aina mpya.

Hatua ya 4: kiota. Ni kijifuko cha nyasi na majani makavu kimefungwa kwa utando wa buibui, mlango ubavuni, juu yake kibaraza, ukikiona bila kujua utasema ni taka imenasa. Jike ndiye fundi na ndiye anayeatamia, mayai aghalabu 2. Mwaka mmoja nilipanda ngazi nichungulie, jike akaondoka hakurudi tena, mpaka leo roho yaniuma. Kaa mbali, tumia darubini, utamuona akileta wadudu na buibui kwa sababu mtoto hakui kwa mbochi peke yake.

Hatua ya 5: haya sasa Pemba, na usisahau pasi ya kusafiria. Ngezi msitu mzuri lakini si lazima, chozi utampata hata kwenye mikarafuu na bustani za watu. Kwani kwa nini Pemba na si Unguja? Unguja ilikuwa imeshikana na bara enzi za barafu bahari ilipoteremka, lakini mkondo wa Pemba una kina cha mamia ya mita, kisiwa kilishakatika zamani mno, ndege wake wakabaki wao kwa wao, ndo maana kuna ninga wake, bundi wake na huyu chozi.

Daftarini andika Cinnyris pembae, ndilo jina lake la kisayansi. Na tafadhali usimuite kwa kumchezea sauti yake kwenye simu msimu wa kuzaa, dume ataacha kazi zake aje apigane na simu yako.