Kabla Hujafungua Shokapu za Mbele za Pikipiki

Shokapu ikianza kuvuja, wengi hukimbilia spana. Mimi nasema chuchumaa kwanza. Futa bomba la kromu kwa kitambaa kikavu, shika breki ya mbele, ikandamize hendeli mara tano au sita, kisha uchungulie. Ukiona duara jembamba la oili kwenye kromu, basi sili, ile pete ya mpira inayozuia oili isitoke, inapitisha. Hiyo haimaanishi kwamba imekufa. Mara nyingi ni punje ya mchanga tu imenasa kwenye mdomo wake. Inua dasti sili (kifuniko cha mpira cha kuzuia vumbi juu ya sili) taratibu kwa bisibisi bapa, safisha, kisha kata kipande chembamba cha plastiki ya chupa chenye ncha kama ndoano. Kipitishe kati ya sili na bomba, ukizungushe mzunguko mzima, halafu futa na ukandamize tena. Oili isiporudi, umemaliza, na hujafungua hata bolti moja.

Ikirudi, pitisha ukucha juu ya kromu, hasa pale sili inapopanda na kushuka. Ukucha ukikwama kwenye kovu au kutu, sili mpya nayo itachanika muda si mrefu. Kikwaruzo kidogo hulainishwa kwa msasa laini wenye oili. Shimo la kutu, hapana: tafuta bomba jingine.

Mlio wa kugonga una mambo yake. Inua gurudumu la mbele lisiguse chini, shika miguu ya shokapu kwa chini, uvute mbele na nyuma. Kama mchezo, yaani kutikisika, uko shingoni mwa pikipiki, ni beringi za steringi zimelegea, na shokapu hazina kosa. Vilevile pikipiki iliyoanguka ikakaa hendeli upande, huenda miguu imejisokota tu kwenye vibano vinavyoishika. Legeza, nyoosha, kaza, uone kama imekaa sawa.

Ukishajua kwamba lazima ufungue, kusanya vitu kabla hujagusa gurudumu. Nunua sili mbili hata kama unavuja mguu mmoja, kwa sababu wa pili una umri uleule. Saizi imeandikwa kwenye sili yenyewe: 31x43x10.3, kwa mfano, ni kipenyo cha ndani, cha nje na kimo, vyote kwa milimita. Ongeza dasti sili na washa za shaba za bolti za chini, zile zinazoingia kila mguu kutoka chini. Kuhusu oili, najua wapo wanaomimina ya injini na maisha yanaendelea, lakini nunua ya shokapu. Uzito (yaani unene wa oili) wa 10W ni wa kawaida, ila kitabu cha pikipiki yako ndicho kinachoamua, uzito na kiasi pia. Uwe na sirinji kubwa ya kupimia, kwa kuwa miguu miwili ikitofautiana oili, pikipiki itakuwa na tabia mbili kwenye kila breki.

Sasa mpangilio, na hapa ndipo nilipojifunza kwa shida. Mara ya kwanza niliutoa mguu mzima, nikautoa kifuniko na springi, nikaulaza mezani, ndipo nikaikumbuka bolti ya chini. Niliizungusha kwa alenki (spana ya pembe sita) na fimbo ya ndani iliyofungwa na bolti hiyo ikazunguka nayo, jioni nzima. Springi ikiwa bado imebanwa ndani, huishikilia ile fimbo. Kwa hiyo bolti ya chini ilegezwe kabla springi haijatoka. Kifuniko cha juu nacho kilegeze nusu mzunguko mguu ukiwa bado umeshikwa kwenye pikipiki, baada ya kulegeza bolti ya kibano cha juu kwanza. Kukitoa kabisa ni baadaye, uso ukiwa pembeni, kiganja kikikandamiza, maana springi inasukuma. Kabla mguu haujachomoka, pima kwa rula bomba limejitokeza kiasi gani juu ya kibano, uandike.

Pikipiki yenyewe isimame imara: stendi ya kati na jeki chini ya injini, si matofali yaliyopangwa. Kalipa (kile kinachobana pedi kwenye diski) itundikwe kwa waya, isining'inie kwenye mpira wake wa breki, na mtu yeyote asiguse mkono wa breki wakati diski haipo katikati ya pedi.

Kama shokapu zako ni zile zilizogeuzwa, bomba nene likiwa juu, au zina katriji (kifaa kilichofungwa cha kudhibiti oili) ndani, mpelekee fundi mwenye vifaa vyake. Hizo hazifunguliki kwa alenki na subira peke yake.

Andaa pia chombo cha oili chafu na karatasi ya kupanga vipande kwa mfuatano wa kutoka. Na kama oili imeshafika kwenye pedi za breki, ziweke kwenye orodha ya manunuzi. Kuziosha kwa petroli hakuzirudishi.