Mazoezi ya kichwa kabla hujaenda Kili Marathon

Wengi tukishajiandikisha tunahangaika na raba, saa, jezi na kilomita za alfajiri, kichwa tunakiacha hivyo hivyo mpaka siku yenyewe umesimama kwenye umati pale Moshi mapigo yako juu na hata filimbi haijapulizwa. Kichwa nacho kina mazoezi yake wadau, na yanaanza wiki kadhaa kabla, na sizungumzii yale mambo ya "jiamini utaweza", hayo ukikutana na ule mlima wa kwenda Mweka yanaisha yote.

Kitu kikubwa kuliko vyote ni kukaa chini ukajiuliza siku hiyo nini kinaweza kuharibika. Watu wakiambiwa wavute picha ya mbio wanajiona wanavishwa medali, sawa ni tamu, ila wewe vuta picha ya matatizo. Muogeleaji Mmarekani Michael Phelps kwenye fainali ya mita 200 butterfly, Beijing 2008, miwani ilimjaa maji akawa haoni kitu, akawa anahesabu mikono yake anavyopiga mpaka akagusa ukuta, dhahabu na rekodi ya dunia juu, 1:52.03. Ile haikuwa bahati, kocha wake Bob Bowman alikuwa akimzoesha mambo kuharibika tangu mazoezini. Eliud Kipchoge, yule Mkenya wa marathon, naye Berlin 2015 soli za ndani ya viatu zilimtoka zikawa zinapepea nje huku anakimbia, hakusimama, akashinda kwa 2:04:00.

Kwa hiyo chukua karatasi uandike kabisa, nikijikuta nimetoka kasi sana mwanzoni basi nakunywa maji kituo kinachofuata na kupunguza pesi (kasi yangu), nikibanwa na kichomi basi natoa pumzi ndefu na kufupisha hatua, raba ikifunguka nasimama nafunga vizuri siendi nayo hivyo. Uamuzi ufanye nyumbani ukiwa umetulia, maana ukiwa umechoka njiani akili inakwambia kitu kimoja tu, acha.

Halafu malengo, usiende na muda mmoja tu kichwani. Angalia Alphonce Simbu, Mtanzania mwenzetu wa marathon, Aprili 2025 Boston alikimbia 2:05:04 akawa wa pili, Septemba Tokyo kwenye joto lile akakimbia 2:09:48, dakika nne na zaidi nyuma ya ile ya Boston, na hiyo ndiyo iliyompa ubingwa wa dunia, tena kwa kumpita Mjerumani Amanal Petros pale pale kwenye mstari kwa sekunde 0.03. Angekuwa analilia saa yake asingekuwepo pale mwishoni. Wewe weka lengo la siku nzuri, lengo la siku ya kawaida, na lengo la siku ya jua kali ambapo kumaliza ukiwa mzima inatosha kabisa.

Maneno ya kujiambia nayo yachague mapema, mafupi, "tulia" au "mpaka ile nguzo", na uyajaribu kwenye zile long run (mbio ndefu za mazoezi) za Jumapili miguu ikishaisha, bila muziki, maana neno ambalo hujawahi kulitumia ukiwa na maumivu halitakusaidia siku ya mbio. Kipchoge hutabasamu akiumia, anasema inamsaidia kulegea, jaribu uone, mimi naonaga kama inafanya kazi mabega yakishakaza.

Usiku wa mwisho usingizi unaweza ukagoma, usipanik, lala vizuri siku mbili tatu kabla na huo mmoja hautakuua. Moyo kudunda asubuhi ni kawaida, mwili unajiweka tayari, vuta pumzi taratibu na utoe kwa muda mrefu zaidi ya ulivyovuta. Na yale magrupu ya WhatsApp ya wakimbiaji yaweke mute tangu Ijumaa, kuna jamaa humo kazi yao ni kutupia pesi zao tu, utajikuta umebadilisha plani yako saa nne za usiku kwa ajili ya mtu ambaye hata humjui.