Ukiitwa Arusha kusemea vijana, kimbilia chanjo kwanza

Mimi ni mtoto wa Busia, upande wa Uganda. Kuvuka mpaka kwetu ni kama kwenda kisimani: kitambulisho cha taifa mfukoni, naingia Kenya, nanunua, narudi kabla uji haujapoa. Kwa hiyo nilipoomba nafasi ya kuhudhuria mkutano wa vijana huko Arusha kuhusu sera za Jumuiya ya Afrika Mashariki, jambo la mwisho kuniumiza kichwa lilikuwa mpaka. Mkutano ulikuwa wa siku tatu, Jumanne hadi Alhamisi. Mimi niliingia ukumbini Alhamisi mchana, wenzangu wakipiga picha za kuagana.

Fomu yenyewe utaijaza, haina ujanja. Angalia umri tu. Kwa Baraza la Taifa la Vijana hapa Uganda, ujana unakwisha ukiwa na miaka 30, lakini Mkataba wa Vijana wa Afrika unakuhesabu kijana tangu 15 mpaka 35. Mwenye miaka 33 asijikatie tamaa, asome tangazo linafuata kipimo kipi.

Barua ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, ichukue asubuhi. Jioni mwenyekiti yupo ila muhuri uko kwa katibu, na katibu yuko shambani. Kuhusu "ya soda", utajua mwenyewe.

Penye kuchuja watu ni pale unapoeleza hoja yako. Usiandike kwamba una maono na unapenda uongozi. Kila mtu anayapenda hayo. Mimi niliandika juu ya jirani yangu anayevusha mayai. Kuna utaratibu rahisi wa forodha kwa wafanyabiashara wadogo: mzigo usiozidi dola 2,000, wa bidhaa za kwetu zilizo kwenye orodha, unapewa cheti chepesi cha asili ya bidhaa pale pale mpakani na hautozwi ushuru wa forodha. Mama yule hakuwahi kusikia. Miaka yote amekuwa akilipa vijana wa njia za panya, na trei mbili zinavunjika kila safari. Hiyo ndiyo niliyoulizwa kwenye simu ya usaili, mayai, wala si vyeti vyangu.

Ukimaliza, nakala ya hoja hiyo mpelekee mmoja wa wabunge tisa wa Uganda katika Bunge la Afrika Mashariki. Hao huchaguliwa na Bunge la Kampala, si na mimi na wewe, kwa hiyo usingoje waje kuomba kura kijijini.

Sasa safari. Tangu 2014 kitambulisho cha taifa kinakufikisha Kenya na Rwanda. Tanzania haimo kwenye mpango huo, na Arusha iko Tanzania. Mimi nilishtuliwa na binamu yangu dereva wa lori, la sivyo ningepanda basi na kitambulisho changu kama ninaenda sokoni. Pasipoti ya kawaida ni shilingi 250,000 za Uganda, unaombea kwenye mtandao. Namba ya malipo unayopewa huko ina siku zake za kufa, basi usiitoe wakati hela bado unazitafuta. Omba pasipoti hata kabla hujaona tangazo lolote. Matangazo haya hutoka yakiwa yamebakiza wiki tatu.

Halafu kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Hapa ndipo nilipochinjwa. Nilichanjwa Jumatatu, Jumamosi usiku nikapanda basi kupitia Nairobi, Jumapili niko Namanga, mpakani mwa Kenya na Tanzania. Afisa wa afya akaifungua kadi, akaweka kidole kwenye mstari mmoja, akanigeuzia nisome. Tarehe ya kuanza kutumika: Alhamisi. Nesi aliyenichanja alikuwa ameiandika kwa mkono wake, wino wa bluu, mimi nikaikunja bila kuitazama. Chanjo huhesabiwa kuwa imeshika baada ya siku kumi, na hakuna maombi wala machozi yanayosogeza hesabu hiyo. Nikalala siku nne gesti ya upande wa Kenya, nikila chapati maharage na kutuma ujumbe wa samahani. Chanjo ni moja kwa maisha yote, kwa hiyo hata usipochaguliwa hujapoteza kitu. Nenda kachanjwe wiki hii, halafu ndiyo uketi kujaza fomu.

Mwisho ni nauli. Waandaaji wengi hurudisha hela ukiwa na risiti, basi tiketi za mabasi zitunze kwenye pasipoti. Bodaboda hana risiti. Yule wangu nilimwandikia kiasi kwenye daftari akatia sahihi juu ya tangi la pikipiki, karatasi ikapata alama ya mafuta. Mhasibu aliinusa, akacheka, akalipa. Siku nne za gesti hakulipa.