Kusoma taa ya injini ya Toyota MR2 ya zamani
Kwa wenzangu wa Unguja na Pemba wanaotunza gari za Toyota MR2 za mwanzoni mwa miaka ya 1990: taa ya injini ikiwaka, kabla ya kununua sensa (kihisi) mpya, unganisheni kwa kipande cha waya matundu ya TE1 na E1 yaliyomo kwenye kisanduku cha uchunguzi ndani ya chumba cha injini, fungueni swichi ya ufunguo bila kupiga stata, kisha hesabuni mimweko ya taa ya injini. Mimweko miwili, kituo kifupi, halafu miwili tena ni namba 22 ya hitilafu, yaani saketi (njia nzima ya umeme) ya sensa ya joto la maji. Saketi, nasisitiza, si sensa peke yake. Chumvi ya bahari yetu hula pini za plagi na waya wa ethi (unaorudisha umeme kwenye bodi), basi zisafisheni kwanza. Kufuta kumbukumbu ya hitilafu, zimeni swichi na mchomoe fyuzi ya EFI (mfumo wa umeme wa kupulizia mafuta) kwa sekunde zisizopungua 10.