Ukienda kuona michoro ya Longthorpe Tower

Mnara huu uko Peterborough, Uingereza, kama kilomita 3 magharibi mwa kituo cha treni. Hakikisha siku za kufunguliwa kabla ya kukata tiketi, maana haufunguliwi kila siku.

Michoro, ya ukutani na ya miaka ya 1330 hivi, iko chumba cha ghorofa ya kwanza. Ilifunikwa kwa chokaa karne nyingi, ikafichuliwa katika miaka ya 1940, ndiyo maana rangi zimefifia na sehemu nyingine zimebaki mabaka tu. Usiizunguke haraka. Simama dakika 5 macho yazoee mwanga, kisha anza na gurudumu la hisi tano, mchoro wa gurudumu lenye wanyama watano, kila mmoja akiwakilisha hisi moja: kima ni kuonja, tumbusi kunusa, buibui kugusa, nguruwe mwitu kusikia, jogoo kuona. Ukishalipata hilo, mengine yanasomeka. Darubini ndogo husaidia kwa yaliyo juu.

Mkoba wa mgongoni uvae kifuani, vinginevyo utakwaruza ukuta ukigeuka. Koti lililolowa liache nje ya chumba: unyevu huamsha chumvi ndani ya plasta, nayo ikikauka husukuma rangi ibanduke. Na usiguse ukuta: vidole, hata vikavu, vina mafuta.