Ayvalık kwa miguu: kwa anayekwenda Uturuki kununua nguo akabakiwa na siku tatu

Mimi nauza magauni Kariakoo. Safari zangu za Istanbul zilikuwa ni zilezile: hoteli Laleli, maduka Laleli, kago, ndege. Siku moja mzigo ukachelewa kufungwa, nikabaki na siku nne mkononi na hamu ya kuonja hewa ya bahari, maana mimi ni mtoto wa Pangani. Binti mmoja wa dukani akaniandikia jina la mji wa pwani kwenye karatasi ya risiti: Ayvalık. Nimesharudi mara mbili tangu hapo, na haya ndiyo ningependa niambiwe ile mara ya kwanza.

Panda basi la usiku Esenler, kituo kikubwa cha mabasi cha Istanbul. Ukiwa mwanamke peke yako, mkata tiketi atakuweka karibu na mwanamke mwenzako bila hata kuuliza. Kondakta atapita na chai, keki, na chupa ya kolonya, yale maji ya limau ya kunawia mikono; kinga viganja, usiyanywe. La muhimu ni kuuliza kabla ya kulipa kama basi linaingia mjini au linakutema barabara kuu. Mimi sikuuliza. Nilishushwa kwenye lami alfajiri na sanduku langu, mbwa wawili wakinitazama, mpaka mzee mmoja wa gari la maziwa akanisogeza.

Saa ya mkononi huibadilishi, saa za Uturuki na za Afrika Mashariki ni sawa. Lakini angalia mtego. Mimi namba za Kituruki nilizijua za kupatana bei, kwa hiyo niliposikia gari linaondoka "saat yedi" nikajua yedi ni saba, basi ni saa saba mchana. Kumbe wao wanahesabu kama Wazungu, saba yao ni saa moja yetu ya jioni. Nilikaa kituoni juani hadi muuza maji akanihurumia.

Mji wenyewe usiuanzie baharini. Pale mbele kuna boti za kitalii, muziki na mtu wa kukuvuta shati. Ipe bahari mgongo, vuka barabara mbili, tatu, uanze kupanda. Vichochoro vimebanana kama vya Mji Mkongwe, ila huku mawe yana rangi ya waridi iliyofifia. Wanayaita sarımsak taşı, yanatoka upande wa Sarımsaklı hapo jirani. Tazama milango: mingi ina vigongeo vya chuma, vingine vina umbo la mkono wa mwanamke. Inua macho uone mabomba marefu ya moshi, ya matofali, ya viwanda vya zamani vya mafuta ya zeituni na sabuni. Ndiyo yaliyoujenga mji huu, na ndiyo yaliyoufikisha kwenye orodha ya awali ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2017.

Ukipotea, tafuta mnara wenye saa. Ni wa Saatli Cami, maana yake msikiti wenye saa, na sikio la Mswahili halihitaji mkalimani hapo. Lilikuwa kanisa. Mpaka 1922 wakazi wengi wa Ayvalık walikuwa Wagiriki Waorthodoksi. Vita viliwaondoa, na mkataba wa 1923 wa kubadilishana watu ukawaleta Waislamu kutoka visiwa vya Krete, Lesvos na kwingineko kukaa katika nyumba zao. Ndiyo maana msikiti una mnara wa kengele. Niliswali adhuhuri pale, nikakaa kidogo kwenye zulia nikitazama nguzo, hakuna aliyenisumbua.

Vichochoroni unapita mbele ya watu wanaofanya kazi: fundi viatu, mwanamke anayemenya maharage mlangoni. Usipite kimya kama mtalii. Sema "kolay gelsin". Ni "pole na kazi" yetu kabisa, na ni neno lililonifungulia milango mingi kuliko "merhaba". Wakubwa kwako ni abla na abi, dada na kaka. Mama wa makamo ni teyze. Kwa hilo neno moja nimenyweshwa chai mara nne asubuhi moja.

Kama unaweza kuchagua siku, fika ukiwa na Alhamisi mbele yako. Alhamisi ni siku ya mnada, wanawake wa vijijini wanashuka na mboga, na mji mzima unakuwa meza. Nenda saa mbili ya kwetu, kabla jua halijakolea. Utaona majani ambayo mimi niliyadhania magugu: radika chungu, na deniz börülcesi inayoota kwenye udongo wa chumvi kando ya bahari. Walioleta mapenzi ya majani hayo ni wale watu wa Krete. Wanayachemsha, wanayamwagia mafuta ya zeituni, limau na kitunguu saumu. Mimi niliyekulia mchicha na matembele nilijiona niko nyumbani, ila nikatamani nazi.

Hapo sokoni ndipo muuza jibini aliponiita "Arap". Nikakasirika, nikamjibu mimi si Mwarabu. Jirani yake, aliyejua Kiingereza kidogo, akacheka akanieleza: huku Mturuki mweusi huitwa hivyo tangu enzi. Weusi gani, nikamuuliza. Kumbe wapo. Ni wajukuu wa watumwa wa Kiafrika waliochukuliwa zama za Waosmani, na baadhi walikuja Ayvalık na kundi lile la kutoka Krete. Mmoja wao, Mustafa Olpak, alizaliwa mjini hapa. Alifuatilia ukoo wake hadi Kenya, akauandikia kitabu, na mwaka 2006 akaanzisha hapahapa Ayvalık chama cha Waturuki wenye asili ya Afrika. Alifariki 2016. Sijui unapanga kwenda kutazama nini Uturuki, lakini mtu wa pwani yetu ukifika hapo, tembea ukijua hilo. Mimi nilirudi hotelini nikampigia mama simu, tukazungumza habari za Bagamoyo mpaka salio likaisha.

Chakula nitapita haraka. Tosti ya Ayvalık ni mkate mnene uliobanwa na jibini, sucuk (soseji yao ya ng'ombe), achari na nyanya; moja inatosha watu wawili, msijifanye. Papalina ni dagaa wa kukaanga, tofauti na wetu ni kwamba hawa wanakaangwa wakiwa wabichi kutoka baharini, si wakavu. Ukimaliza sema "hesap". Hesabu, basi. Na kinachobaki mezani ni bahşiş.

Kisiwa cha Cunda kimeunganishwa na bara kwa barabara, unapanda dolmuş. Dolmuş ni daladala: jina lenyewe maana yake imejaa. Nauli unampa aliye mbele yako, inapita mikono kwa mikono hadi kwa dereva, na chenji inarudi njia hiyohiyo. Kushuka unasema "inecek var". Kanisa kubwa la Taksiyarhis, la 1873, sasa ni makumbusho. Panda mpaka kwenye kinu cha upepo, ushuke, unywe chai, inatosha. Wikiendi ya kiangazi usiende, utaona migongo ya watu tu.

Jioni moja iweke kwa Şeytan Sofrası. Shetani ni shetani, sofra ni meza. Ni kilima cha mwamba wa volkano, kilele chake bapa kama sinia, na kuna shimo lenye umbo la unyayo ambalo watu hulitupia sarafu. Gari la kiangazi linakupeleka kabla ya machweo na kukurudisha. Chukua mtandio: upepo unapiga, na mwezi wa Juni jua huzama kama saa mbili na nusu usiku yetu, jambo ambalo tumbo la mtu aliyezoea magharibi ya saa kumi na mbili halilielewi. Chini unaona visiwa vimetapakaa, na nyuma yake Lesvos, Ugiriki. Ferri ipo, lakini usiipande bila viza ya Schengen, na kabla ya hapo angalia viza yako ya Uturuki inakuruhusu kuingia mara ngapi.

Bahari sasa. Sarımsaklı ina mchanga mzuri, ila mtoto wa Pangani nilisubiri maji yapwe nikatembee, nikasubiri, nikasubiri. Hayapwi. Bahari yao inapumua kidogo mno. Wavuvi wao wanahesabu pepo kama sisi na kaskazi na kusi: poyraz inatoka kaskazini mashariki, lodos inatoka kusini magharibi. Siku ya lodos kaa vichochoroni.

Mafuta ya zeituni nunua siku ya mwisho. Usidanganywe na rangi ya kijani. Omba kuonja, mazuri yanawasha kooni. Uliza mwaka wa mavuno, na kama ni "erken hasat", mavuno ya mapema. Chukua ya kopo la bati, si ya chupa nyeupe iliyokaa juani. Mimi kopo langu la lita tano nalifunga ndani ya mifuko miwili ya nailoni, kisha kwenye abaya tatu zisizouzika, na kuliweka katikati ya sanduku la kupakia, kifuniko kikiangalia juu.